Sungura Mzee Mwenye Meno Mabovu: Namna ya Kumtunza Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Maswali tunayoulizwa na wafugaji wa sungura ni yale yale kila wiki. Sungura anashika nyasi, anatafuna kidogo, anaziacha. Kidevu kimelowa. Jicho moja linatoa machozi. Pumba anakula lakini anakonda. Na swali linalokuja mwishoni karibu kila mara: je, nimkate meno mwenyewe kwa koleo? Hilo tunalijibu hapa hapa: usimkate. Sababu iko hatua ya 4.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefuga sungura mmoja au wawili nyumbani, Mbeya, Iringa, Njombe au vijiji vya jirani, na sungura wake ameshafika miaka 5 au zaidi.

Nadharia ni fupi. Sungura ana meno 28 na yote yanaota maisha yake yote. Ya mbele huongezeka karibu milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe wakati anatafuna nyasi ngumu kwa muda mrefu. Asipotafuna vya kutosha, magego ya chini huota ncha kali zinazochoma ulimi, na ya juu huchoma shavu. Mizizi nayo hurudi nyuma, hubana njia ya machozi na kutunga usaha ndani ya taya. Kwa sungura mzee meno yakishapinda hayanyooki tena. Kazi yako ni kumfanya ale, asiumie, na asikonde kati ya safari moja ya daktari na nyingine.

Pumba za mahindi, chakula cha kwanza cha sungura wengi wa kwetu, ndizo zinazochangia sana tatizo hili. Ni laini, hazimtafunishi, zina wanga mwingi, na zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, wakati meno na taya vinahitaji kalsiamu.

VITU VYA KUANDAA KABLA YA KUANZA

- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu na kubeba hadi kilo 5. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu leo, nunua hiki.
- Daftari na kalamu.
- Mabomba ya sindano bila sindano yake: mawili ya ml 1 kwa ajili ya dawa, mawili ya ml 10 au 20 kwa ajili ya uji. Ncha ikiwa nyembamba mno uji utakwama. Ikate kidogo kwa wembe, kisha uisugue kwa msasa mpaka isikwaruze ukiipitisha kwenye mdomo wako.
- Taulo mbili kuukuu.
- Nyasi kavu nzuri, na pelleti za sungura (chakula cha kiwandani cha punje ngumu) kutoka duka la mifugo. Pelleti za kuku si mbadala, kwa sababu baadhi zina dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) ambazo ni sumu kwa sungura.
- Blenda au kinu, na chekeche laini.
- Tochi ndogo, pamba, mafuta ya mgando.
- Chupa ya maji ya moto, au chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko kinachobana.
- Namba ya daktari wa mifugo uliyekwisha kuzungumza naye. Usisubiri kumtafuta saa tano usiku.

HATUA KWA HATUA

1. Mpime uzito, uandike.

Weka beseni juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, mtie sungura ndani, funika macho yake kwa kiganja mpaka namba itulie. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chakula. Akiwa mgonjwa, kila siku.

Macho yanadanganya. Manyoya ya sungura mzee, hasa msimu wa baridi, yanaficha mifupa mpaka awe ameisha kabisa. Kwa sungura wa kilo 2, kupungua gramu 100 ni dalili ya kumpigia daktari simu. Kupungua gramu 200 ni hatari, apelekwe bila kungoja wiki iishe.

2. Kagua uso, kidevu na kinyesi.

Mweke juu ya meza yenye taulo ili asiteleze, mgongo wake ukielekea tumbo lako. Usimlaze chali. Akipapatika katika mkao huo anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Inua midomo ya juu taratibu kwa vidole viwili. Meno ya mbele ya juu yanatakiwa kufunika ya chini kwa mbele kidogo, yawe meupe, laini na yaliyokatika sawa. Yakiwa yamekutana ncha kwa ncha, yamepinda kuelekea pembeni, au yana mistari ya mlalo kama ngazi, andika. Kisha pitisha vidole vya mikono miwili kwa pamoja chini ya taya, kushoto na kulia, ukilinganisha. Taya la chini la sungura mzima lina ukingo laini. Ukikuta vijivimbe kama punje za maharage, mizizi imeanza kushuka.

Magego huwezi kuyaona nyumbani. Mdomo wa sungura haufunguki sana na shavu linajikunja ndani. Hata ukiwa na tochi kali utaona ulimi tu. Kwa hiyo meno ya mbele kuwa mazuri hakumaanishi nyuma kuko salama. Kosa hili linachelewesha sungura wengi kufika kwa daktari.

Dalili zinazoonyesha magego: udenda, kidevu au miguu ya mbele iliyolowa (anajifutia udenda), kuchagua chakula laini na kuacha nyasi, kuangusha chakula kilichotafunwa nusu, machozi ya jicho moja, kusaga meno kwa sauti ya nguvu akiwa amejikunyata. Ukimpapasa kichwani akasaga kidogokidogo, hiyo ni raha tu, usiogope.

Hesabu kinyesi kwa jicho kila asubuhi. Punje ndogo, ngumu, zilizopungua zinakuambia amekula kidogo jana, hata kama chombo cha pumba kiko tupu.

3. Mpeleke kwa daktari, na uliza maswali kabla hujafika.

Mabwana mifugo wetu wengi wamezoea ng'ombe, nguruwe na kuku. Hilo si tusi, ndiyo kazi iliyopo. Kwa hiyo uliza kwenye simu: umewahi kumpa sungura dawa ya usingizi? Magego utayasaga kwa mashine au utayakata kwa koleo? Utampa dawa gani ya maumivu baadaye? Akikuambia sungura ashinde njaa usiku kucha kabla ya dawa ya usingizi, tafuta mwingine. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu unasimama. Anatakiwa kula mpaka karibu na muda wa kazi yenyewe.

Ukikosa mtu wa kushughulikia magego karibu nawe, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mahali pa kuuliza. Safari hiyo ina hatari yake. Sungura aliyezoea baridi ya Uyole au Makete akishuka mlima Kitonga kuingia Ruaha Mbuyuni na Mikumi mchana, joto linaweza kumuua kabla ya meno. Safiri usiku au alfajiri. Mweke kwenye boksi lenye matundu pande zote, miguuni pako, kamwe usimtie kwenye buti la basi. Chukua chupa ya maji yaliyoganda, ifunge kwa kitambaa, iegemeze upande mmoja wa boksi ili aisogelee akitaka. Nyasi ziwemo muda wote.

4. Weka koleo chini.

Koleo, mkasi wa kucha na wembe havikati jino la sungura, vinalipasua. Ufa hupanda hadi kwenye mzizi, neva hubaki wazi, bakteria huingia, na baada ya wiki kadhaa unakuta jipu kwenye taya. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, hautoki wenyewe hata ukiukamua. Jipu hilo linahitaji upasuaji, tena mara nyingi linarudi. Daktari husaga jino kwa kidude kinachozunguka, hivyo halipasuki. Meno ya mbele yaliyopinda huhitaji kazi hiyo kila baada ya wiki 4 hadi 6 hivi. Kwa wengine kuyang'oa kabisa ni nafuu zaidi, na sungura huendelea kula vizuri kwa midomo ukimkatia chakula vipande.

5. Rudisha nyasi, lakini ulainishe kazi.

Nyasi ndizo ziwe sehemu kubwa ya chakula, hata kwa sungura anayeumwa meno. Sungura mzee hashindwi nyasi zote, hushindwa zile ngumu. Mpe nyasi changa za Rhodes, au kikuyu, zile zinazotambaa kando ya nyua zetu, zikatwe sentimita 3 hadi 4. Matete na nyasi za Guatemala mpe majani tu, ondoa mti wa kati. Majani ya mpunga yanayopanda kutoka Kyela na Usangu ni ya kulalia, si ya kula. Ni magumu na hayana lishe.

Nyasi kavu tengeneza mwenyewe mvua zinapokatika, Aprili kwenda Mei. Kata kabla hazijatoa mbegu, anika siku 2 hadi 3 ukigeuza, hifadhi kwenye kiroba cha nyuzi kilichoning'inizwa, si sakafuni. Kwa watu wa Tukuyu, ambako mvua haikauki mapema, anika chini ya bati. Ukizishika zikatoa vumbi la kijivu au harufu ya uvundo, zina ukungu. Tupa.

Majani mabichi: mchunga, mashona nguo, matembele, majani ya karoti. Yaoshe, yachuje maji, mpe konzi moja asubuhi na moja jioni. Yasitoke kando ya mashamba ya viazi au nyanya wakati wa mvua, maana mashamba hayo hupigwa dawa za ukungu mara kwa mara na upepo unahamisha. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yenyewe ni sumu. Parachichi pia, tunda na majani, hata kama limejaa uani.

Karoti yenyewe ni sukari. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha kwa siku. Mkate mkavu na vijiti vya kuguguna haviyasagi magego. Vijiti mwachie acheze, mkate mnyime.

6. Punguza pumba taratibu.

Usiziondoe siku moja. Utumbo wa sungura haupendi mshtuko. Wiki ya kwanza toa robo, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ukijaza nafasi yake kwa nyasi na pelleti zilizolowekwa. Kijiko kikubwa kimoja na nusu cha pelleti kavu kwa kila kilo ya uzito, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, ugawe asubuhi na jioni. Kisichoisha ndani ya saa 4 kitoe, kinachacha.

Lusini (alfalfa) humnenepesha na ina kalsiamu nyingi, lakini ikizidi mkojo wa sungura mzee huwa mzito kama uji wa chokaa. Konzi ndogo mara mbili kwa wiki, na umwambie daktari kuwa unampa.

7. Asipokula, mlishe kwa bomba.

Saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni dharura. Si "tumwangalie kesho". Piga simu kwa daktari, na ukiwa unasubiri, fanya hivi:

a) Kwanza shika tumbo. Likiwa limejaa na gumu kama mpira uliojazwa upepo, naye amelegea, usimlishe. Huenda utumbo umeziba. Mpeleke.

b) Tumbo likiwa laini, saga pelleti, chekecha, changanya kipimo 1 cha unga na vipimo 2 vya maji ya uvuguvugu. Acha dakika 10 uvimbe, ongeza maji mpaka uvutike kwenye bomba bila kukwama. Usiweke maziwa, sukari, wala unga wa lishe wa watoto.

c) Mfunge kwa taulo, kichwa kikiwa nje, akiwa amekaa kwa miguu yake. Kichwa kikae sawa, kisiinuliwe juu.

d) Ingiza ncha ya bomba kutoka pembeni, kwenye uwazi ulio nyuma ya meno ya mbele. Hapo hakuna jino. Elekeza upande wa pili wa shavu, si kooni.

e) Sukuma ml 1 hivi. Ngoja atafune na kumeza. Sukuma nyingine. Ukisukuma kwa haraka uji unaingia kwenye mapafu, na hilo linaua kuliko njaa.

f) Kiasi cha kuanzia: ml 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kigawe mara 5. Sungura wa kilo 2 apate ml 20 kila mara. Mizani ikiendelea kushuka baada ya siku 2, mwulize daktari kuhusu kuongeza.

g) Futa kidevu. Osha bomba kwa maji ya moto. Acha nyasi mbele yake muda wote, maana bomba ni daraja tu, akianza kula mwenyewe upunguze.

8. Kidevu na mkia viwe vikavu.

Udenda unaunguza ngozi. Asubuhi na jioni loweka pamba kwenye maji ya uvuguvugu, futa kuelekea upande wa manyoya, kausha kabisa, kisha paka mafuta ya mgando kiasi kidogo sana kwenye ngozi iliyopata wekundu. Ukipaka juu ya manyoya mabichi umefungia unyevu ndani.

Angalia na mkiani pia. Sungura mwenye meno mabovu hushindwa kujisafisha na kula kinyesi chake laini cha usiku, ambacho kwa kawaida sungura hukila tena, hivyo kinaganda. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, nzi hutaga hapo na funza wanaweza kutoka ndani ya siku moja. Kagua kila siku. Usimwogeshe mwili mzima, safisha sehemu iliyochafuka tu. Ukikuta funza, ni daktari siku hiyo hiyo.

9. Banda na baridi.

Juni na Julai usiku wa Mbeya na Iringa baridi huweza kushuka hata chini ya nyuzi 10, na Makete na Njombe huwa na jalidi. Sungura mzima anavumilia baridi kuliko joto, lakini aliyekonda havumilii. Ziba upande upepo unakotokea, acha upande mmoja wazi kwa hewa. Tandika nyasi kavu kina cha kiganja. Vumbi la mbao linapatikana bure Mafinga, lakini linaingia puani na machoni mwa mnyama ambaye tayari macho yanamtoka machozi. Liache. Asubuhi mtoe apate jua saa 1 au 2, akiwa na kivuli cha kukimbilia.

Maji yawe kwenye bakuli zito. Chupa ya chuchu inamfanya asukume kwa ulimi wenye vidonda, hivyo hunywa kidogo.

DAWA: SOMA HAPA KABLA HUJAINGIA DUKANI

Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, linkomaisini na klindamaisini zinaua bakteria wazuri wa tumbo la sungura. Huharisha, kisha hufa. Mtu wa duka anaweza kukupa kwa nia njema kwa sababu kwa mtoto zinafaa. Kataa. Dawa za maumivu za binadamu zilizobaki kabatini nazo usimpe. Zipo za sungura, daktari hutumia sana meloksikamu, na kipimo chake hutegemea uzito ule uliouandika kwenye daftari. Dawa ya viroboto yenye fipronili ya mbwa na paka pia ni hatari kwake.

KUKIWA NA TATIZO

Anakimbilia chakula, anakinusa, anarudi nyuma. Njaa ipo, maumivu yapo. Mara nyingi ni ncha za magego. Mlainishie pelleti leo, daktari kesho.

Anakula uji wa bomba vizuri lakini nyasi hagusi siku ya 5 baada ya kusagwa meno. Misuli na vidonda huchukua siku chache kupoa, lakini siku 5 ni nyingi. Uliza kama dawa ya maumivu ilisimamishwa mapema. Mara nyingi ndiyo sababu.

Uji unatoka puani. Acha mara moja, mwinamishe kichwa kidogo, futa. Akianza kupumua kwa kishindo au kufungua mdomo, mpeleke. Akitulia, pumzika saa 1, anza tena kwa ml nusu nusu.

Jicho moja linatoa maji meupe mazito. Mara nyingi njia ya machozi imebanwa na mzizi. Matone ya jicho peke yake hayatoshi, daktari aizibue na aangalie meno ya juu.

Uvimbe mgumu chini ya taya, haumuumi ukiushika. Ni jipu mpaka daktari aseme vinginevyo. Usiutumbue, usiukande kwa maji ya moto.

Masikio ni ya baridi, amelegea, hataki kusimama. Mpashe joto kwanza kabla ya kumlisha: jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo, iweke ubavuni mwake, mfunike mgongo. Ukimlisha akiwa baridi utumbo haufanyi kazi. Wakati huo mtu mwingine awe anapiga simu.

Uzito unashuka taratibu wiki 3 mfululizo ingawa anakula. Peleka daftari kwa daktari. Meno yanaweza kuwa yamerudi, au ni figo au ini la uzee. Na kama meno yanasagwa kila mwezi, dawa ya maumivu haimtulizi tena na kila mlo ni wa bomba, mwulize daktari waziwazi kuhusu kumlaza bila maumivu, yaani kumwua ili asiteseke zaidi. Afanye kwa sindano ya usingizi kwanza, nawe ukitaka uwepo una haki ya kuwepo.